Lenzi ndogo ya zumu ya masafa marefu: kwa nini picha hupoteza ukali ikivutwa hadi mwisho?

#1 Mtazamaji_wa_Ndege
Salaam wanajukwaa. Ninatumia kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani yake (mirrorless), yenye kihisi cha APS-C (kidogo kuliko kile kikubwa cha milimita 36 kwa 24) cha megapikseli 24, pamoja na lenzi ndogo ya zumu inayofika urefu wa fokasi wa milimita 250, ambako tundu lake kubwa kabisa la kupitisha mwanga ni f/6.3 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Jina la kiwanda nitaliacha, maana sitaki uzi huu ugeuke vita vya mashabiki. Niliichagua kwa sababu inaingia katika mfuko wa koti, na hadi milimita 180 sina malalamiko nayo. Nikifika 200 na kuendelea, hasa pale mwisho kabisa, picha hutoka kana kwamba mvuke mwembamba umepita mbele yake: ndege ninamwona, jicho lake ninaliona, lakini manyoya yameshikana kama yamepakwa kwa kidole. Shata ilikuwa 1/500 ya sekunde, kituliza mtikisiko kimewashwa, na kisanduku cha fokasi kilikaa penye jicho. Nimeanza kuamini kwamba lenzi ya masafa iliyo ndogo kiasi hiki ni ahadi ambayo fizikia haiwezi kuitimiza. Je, nimekosea?

#2 Mbeba_Mizigo
Hujakosea, na jibu umelitoa mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nina zumu ya milimita 70-200 ya f/2.8 inayozidi kilo moja, bega langu linanilaumu kila jioni, lakini manyoya ninayahesabu moja baada ya jingine. Vioo vizito vina sababu yake.

#3 Mwana_Optiki
Mbeba_Mizigo, sababu ipo, ila si hiyo unayoidhania. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linaloonekana ukichungulia kwa mbele. Milimita 250 kwa f/6.3 zinahitaji tundu la takribani milimita 40. Milimita hizo hizo kwa f/2.8 zingehitaji milimita 89. Kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko tundu hilo, na kipenyo kikiongezeka mara mbili, ujazo wa kioo huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo uzito wa lenzi yako unanunua mwanga kwanza, kisha ndipo tuzungumzie ukali. Nimewahi kuona lenzi nyembamba ya f/6.3 iliyochora vizuri kabisa mchana kweupe, na lenzi nene ya f/2.8 iliyotoa ukungu mtupu ikiwa wazi kabisa. Wewe unalinganisha lenzi ya kazi na lenzi ya matembezi, halafu unatoa hukumu kuhusu fizikia.

#4 Kidole_Taratibu
Kabla ya kuhukumu kioo, tuhukumu mkono. Kihisi cha APS-C kina upana wa takribani milimita 23.5, na megapikseli 24 ni sawa na pikseli 6,000 kwa upana huo, yaani kila pikseli ina mikroni 3.9 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa milimita 250, ukipiga kitu kilicho umbali wa mita 100, picha nzima ina upana wa mita 9.4 na kila pikseli inafunika milimita moja na nusu hivi. Mkono ukiyumba kiasi cha kuisogeza picha pikseli mbili tu katika muda ambao shata iko wazi, ukali umekwenda. Ile kanuni ya zamani ya kutumia sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi (yaani 1/250 kwa milimita 250) ilitosha kwa picha ndogo za karatasi zilizotazamwa kwa urefu wa mkono. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayekuza kila pikseli kwenye skrini. Hiyo 1/500 yako ni ya kujitetea tu. Jaribu 1/1600, kisha turudi hapa.

#5 Mzee_wa_Filamu
Vijana mna bahati. Sisi tulipiga kwa lenzi za zumu ambazo ukifika upande mrefu unaomba Mungu tu, na hakukuwa na kituliza mtikisiko cha aina yoyote, kwani jambo hilo limekuja na kamera za dijitali. Zumu ya kwanza ya kamera ya picha mnato ilikuwa Zoomar ya Voigtländer, mwaka 1959, milimita 36 hadi 82 kwa f/2.8, na kwa urefu huo mdogo ilikuwa donge zito. Tulijifunza kushika pumzi. Ninamuunga mkono Kidole_Taratibu: tatizo ni mkono, na dawa ya mkono ni mazoezi.

#6 Bi_Pembenne
Mzee, shikamoo, lakini hapo pa kituliza mtikisiko nakusahihisha. Canon walitoa EF 75-300mm f/4-5.6 IS USM mwaka 1995, na hiyo ndiyo lenzi ya kwanza ya kubadilishika kwa kamera za SLR (zile zenye kioo cha kuakisi) kuwa na kituliza mtikisiko ndani yake. Wakati huo watu karibu wote walikuwa bado wanapakia filamu. Tena angalia ni lenzi gani waliyoichagua kuanza nayo: zumu nyepesi ya masafa, ya mtu wa kawaida, wala si mzinga wa mwanahabari. Walijua wazi ni nani anayetetemeka.

Kwa mwenye uzi nina swali moja fupi: je, kuna kichujio mbele ya lenzi yako?

#7 Mzee_wa_Filamu
Marahaba. Nimekubali kusahihishwa kuhusu mwaka. Kuhusu mkono sijakubali kitu.

#8 Fundi_Skrubu
Nimefungua lenzi za aina hii nyingi kuliko nilizopigia picha, na ninachokiona mara kwa mara ni kundi moja la vioo lililokaa upande. Zumu ndogo ina makundi ya vioo yanayosafiri ndani ya mirija inayopishana, na kila mrija huongozwa na pini ndogo zinazopita katika mifereji iliyochongwa kwa mshazari. Ikifungwa, lenzi ni fupi na imeshikana. Ikivutwa hadi mwisho, mirija imetoka nje, imeshikwa na sehemu ndogo tu, na uzito wa kioo cha mbele unaivuta chini. Mrija ukilegea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine utakuwa na ukungu. Lenzi ikianguka mara moja tu, hata ndani ya mkoba wake, inatosha.

Niliwahi kuletewa lenzi ambayo mwenyewe aliapa kwamba haijawahi kuanguka. Nilipomwonyesha pini iliyovunjika, alikumbuka kwamba "iliteleza kidogo" kutoka kitini.

Kwa hiyo swali langu: ukungu wako uko picha nzima, au uko upande mmoja?

#9 Chipukizi_Picha
Habari zenu. Mimi ni mgeni katika mambo haya. Nilisoma kwamba milimita 250 kwenye APS-C huwa 375, kwa hiyo nadhani tatizo ni kwamba lenzi inalazimishwa kunyoosha picha kupita uwezo wake, na ndiyo maana hadi 180 iko sawa. Nimeeleweka?

#10 Mwana_Optiki
Umeeleweka, ila hakuna kinachonyooshwa. Milimita 250 hubaki 250 hata ukiifunga lenzi kwenye kopo. Kihisi kidogo kinakata tu kipande cha katikati cha picha inayoangushwa na lenzi, na kipande hicho kinalingana na kile ambacho milimita 375 zingeonyesha kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Hiyo 375 ni namna ya kulinganisha upana wa mtazamo. Hata hivyo kuna ukweli uliojificha katika kosa lako: kipande kidogo kikikuzwa hadi ukubwa ule ule wa karatasi au skrini, dosari za lenzi nazo zinakuzwa pamoja nacho.

#11 Nusu_Sekunde
Nimesoma mikono, pini na vichujio, na hakuna aliyetaja hewa. Mimi hupiga mashindano ya riadha. Siku moja nilikuwa mwisho wa uwanja, jua limeshapanda, lenzi nzuri ya kuazima mkononi, shata 1/2000, na wakimbiaji walioanza mbio upande wa pili walitoka kama wamechorwa kwa rangi ya maji. Walipokaribia hadi mita thelathini hivi, kwa lenzi ile ile na mpangilio ule ule, nyuzi za viatu zilionekana. Hewa iliyo juu ya ardhi yenye joto hupanda kwa mafungu yenye joto tofauti, kila fungu linaupinda mwanga kivyake, na kamera yako inarekodi upotofu huo kwa uaminifu mkubwa. Lenzi inapovutwa hadi mwisho, mara nyingi ni kwa sababu kitu kiko mbali, na kitu kikiwa mbali, hewa iliyopo katikati ni nyingi. Ndiyo maana watu huilaumu milimita 250 wakati mwenye kosa ni mita 150 za hewa.

Wala usidhani inahitaji jua kali. Nimeliona jambo hili asubuhi ya baridi juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa, na dirishani mwa chumba chenye joto.

#12 Kidole_Taratibu
Hewa ni kweli, lakini mwenye uzi hakusema ndege alikuwa umbali gani.

#13 Mtazamaji_wa_Ndege
Asanteni. Ninajibu kwa pamoja. Ndege wengi walikuwa kati ya mita 20 na 60. Kichujio kipo, ni kile cha kulinda kioo, nilikifunga siku ya kwanza na sijawahi kukitoa. Kuanguka, haijawahi kuanguka (na kabla Fundi_Skrubu hajacheka, haikuteleza pia). Ukungu nimeutazama tena katika picha thelathini: katika nyingi uko picha nzima, lakini katika kama tisa hivi upande wa kushoto ni mbaya kuliko wa kulia.

Nimejaribu pia 1/1600 kama nilivyoshauriwa. Picha zimekuwa bora kidogo, ila ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) imepanda kutoka 400 hadi 1250 na chengachenga zimeanza kula manyoya yale yale niliyokuwa ninayatafuta.

#14 Mbeba_Mizigo
Hapo ndipo f/2.8 inapocheka. Kutoka f/6.3 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara tano, na ungebaki chini kabisa ya hiyo ISO 400.

#15 Bi_Pembenne
Na mgongo unaongezeka umri mara tano. Tuendelee.

Kitoe hicho kichujio. Kioo bapa kinachoonekana safi kwa macho kinaweza kuwa na mawimbi madogo juu ya uso wake ambayo kwa lenzi pana hayadhuru kitu, lakini kwa lenzi ndefu kila kosa la uso linakuzwa. Binafsi nilikuwa karibu kuiacha zumu yangu ya 70-300 kwa sababu ya ukungu uliokuwa na vivuli viwili viwili kwenye matawi ya nyuma. Nilipotoa kichujio ili nikisafishe na kupiga picha moja bila kufikiri, niligundua kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimeshitaki lenzi isiyo na hatia. Kama unataka ulinzi, vaa kofia ya lenzi: inazuia mwanga wa pembeni na inapokea kipigo kabla ya kioo.

#16 Mwana_Optiki
Naomba nirudi kwenye dai la mwanzo, kwamba lenzi ndogo ya masafa ni ahadi isiyotimizika, kwa sababu limepita bila kujibiwa ipasavyo.

Kufupisha lenzi ndefu ni jambo la zamani. Mwaka 1891 Thomas Rudolphus Dallmeyer wa Uingereza, na Adolf Miethe pamoja na Adolf Steinheil wa Ujerumani, walifikia wazo hili karibu wakati mmoja bila kushirikiana: mbele unaweka kundi la lenzi mbinuko linalokusanya mwanga kwa nguvu, na nyuma unaweka kundi la lenzi mbonyeo linaloutawanya kidogo, ili miale ifike kwenye picha kana kwamba imetoka mbali zaidi ya pale kilipo kioo cha mbele. Matokeo yake ni lenzi ambayo mwili wake ni mfupi kuliko urefu wake wa fokasi. Kusema kweli, hiyo ndiyo maana hasa ya lenzi ya telefoto. Lenzi yoyote ndefu haistahili jina hilo kwa urefu wake tu.

Gharama yake ni kwamba kadiri unavyofupisha zaidi, ndivyo makundi yale mawili yanavyolazimika kuvutana kwa nguvu zaidi, na ndivyo makosa ya rangi na ya mpangilio yanavyokuwa makubwa. Wahandisi wamejaribu kuipunguza kwa njia mbalimbali. Canon walitoa EF 70-300mm f/4.5-5.6 DO IS USM mwaka 2004, ambayo ikifungwa ina urefu wa takribani milimita 100, na ndani yake kuna kioo chenye mistari midogo ya duara inayopinda mwanga kwa njia ya difraksheni (mwanga kujitawanya unapopita kwenye kingo au mianya midogo). Mtawanyiko wa rangi wa kioo hicho ni kinyume cha ule wa kioo cha kawaida, kwa hiyo kimoja kinafuta kosa la kingine. Nikon walitumia wazo la jamii hiyo hiyo katika 300mm f/4E PF ya mwaka 2015, ambayo si zumu, na wakaishusha hadi gramu 755. Kwa hiyo fizikia inaruhusu. Inachofanya ni kudai malipo, na malipo hayo yanaweza kuwa kioo cha gharama, tundu dogo, au ukali uliopungua pembezoni.

#17 Mzee_wa_Filamu
Hiyo 70-300 DO niliwahi kuitumia. Taa za usiku zilizokuwa nje ya fokasi zilitoka na miduara ndani ya miduara, kama kitunguu kilichokatwa. Na ukielekea jua, picha nzima inafifia. Lakini ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Watu waliipokea mkononi wakashtuka.

#18 Mwana_Optiki
Ni kweli, gramu 720 katika mwili mfupi. Ufupi na wepesi ni mambo mawili, na wengi wetu tunapouliza lenzi "ndogo" tunachanganya hayo mawili.

#19 Bi_Pembenne
Wepesi wa kweli uko kwenye vihisi vidogo. Panasonic walitoa 35-100mm f/4-5.6 ya Micro Four Thirds (mfumo wenye kihisi kidogo kuliko APS-C) yenye gramu 135, inayojikunja isipotumika, na Olympus walitoa 40-150mm f/4-5.6 R ya gramu 190. Hiyo ya pili inaonyesha mtazamo wa milimita 300 kwa kipimo cha kihisi kikubwa. Olympus hao hao walikuwa na 40-150mm ya f/2.8 yenye gramu 760 bila kishikio cha tripodi. Ilipokuja ya f/4 mwaka 2022, chini ya jina jipya la OM System, uzito ukashuka hadi gramu 382, na nayo inajikunja. Hatua moja ya mwanga kwa nusu ya uzito! Mbeba_Mizigo, hesabu hiyo ipeleke kwa bega lako.

#20 Kidole_Taratibu
Nimerudi na mshukiwa mwingine, na huyu ananishawishi kuliko mkono. Ni mshtuko wa shata. Katika kamera isiyo na kioo, shata huwa wazi unapotazama. Ukibonyeza, inafunga, inafunguka ili picha ipigwe, kisha inafunga tena, na pigo lile la kwanza linatikisa mwili mzima sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya mwanga kuingia. Lenzi nzito humeza pigo hilo. Lenzi nyepesi yenye mirija iliyotoka nje hutetemeka kama uma wa muziki. Dalili yake ni mistari miwili miwili ya mlalo, na hujitokeza zaidi kwenye shata za kati, takribani 1/60 hadi 1/200. Tiba ni kuwasha pazia la kwanza la kielektroniki (kihisi chenyewe kinaanza kurekodi bila lile pigo la mwanzo), na kamera nyingi zinalo kwenye menyu.

#21 Fundi_Skrubu
Yeye alitumia 1/500 na 1/1600. Umetuambia mwenyewe kwamba ugonjwa huo uko 1/60 hadi 1/200.

#22 Kidole_Taratibu
Nimesema "zaidi", sikusema "pekee".

#23 Nusu_Sekunde
Na asikimbilie shata ya kielektroniki kamili, kwa sababu kihisi cha kawaida husomwa mstari kwa mstari, na mbawa za ndege anayeruka zitapinda kama ndizi.

#24 Chipukizi_Picha
Naomba kuchangia tena. Kila lenzi huwa kali zaidi ukifunga tundu (yaani ukilipunguza), kwa hiyo si aweke f/11 au f/16 na yaishe?

#25 Mwana_Optiki
Nusu ya wazo ni sahihi. Kufunga tundu hupunguza makosa ya kioo, lakini mwanga unaopita katika tundu dogo hujitawanya, na nukta moja hugeuka kuwa kidoa. Kipenyo cha kidoa hicho kwa mwanga wa kijani ni takribani mikroni 8.5 kwa f/6.3, mikroni 10.7 kwa f/8, na karibu 15 kwa f/11. Linganisha na pikseli ya mikroni 3.9 aliyoitaja Kidole_Taratibu katika #4. Kwa lenzi inayoanzia f/6.3, f/8 ni jaribio la haki. F/11 inaanza kurudisha kwa mkono wa kushoto ilichotoa kwa mkono wa kulia, na f/16 haina utetezi isipokuwa unataka kina kirefu cha fokasi. Isitoshe, f/11 inamnyima mwanga mtu ambaye tayari analia na ISO 1250.

#26 Mbeba_Mizigo
Kwa hiyo lenzi ndogo haina mahali pa kukimbilia: wazi ina makosa ya kioo, ikifungwa ina difraksheni. Yangu ninaifunga hatua moja hadi f/4 na bado nina nafasi ya kutosha. Hilo ndilo nililosema katika #2.

#27 Mwana_Optiki
Hapo umesema jambo la maana, nalo si lile la #2. Lakini nitalikubali.

#28 Mzee_wa_Filamu
Niwaulize wataalamu, maana nyinyi mnahesabu mikroni na mimi ninaangalia mambo ya macho: lenzi inayotoka na kurudi si inavuta hewa kama pampu? Niliyokuwa nayo ilikusanya vumbi ndani, halafu baada ya kukaa kabatini msimu mzima wa unyevu ikaota kuvu kama utando wa buibui pembezoni mwa kioo. Picha zake zilikuwa na mvuke ule ule anaoueleza mwenye uzi.

#29 Fundi_Skrubu
Inavuta, ndiyo, kwa sababu ujazo wa ndani unabadilika na hewa lazima ipite mahali. Vumbi chache hazipunguzi ukali. Nimeona lenzi yenye vumbi la kutisha ikipiga vizuri. Kuvu ni jambo lingine, hasa likifika kundi la nyuma, kwa sababu linatawanya mwanga na kuua utofauti wa giza na mwangaza. Mwenye uzi achukue tochi ndogo, afungue tundu lote, amulike kutoka nyuma na kuchungulia kwa mbele kwa mshazari. Kuvu huonekana kama nyuzi zenye matawi, na mvuke wa mafuta huonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akihifadhi, aweke na vifuko vya silika jeli ndani ya kasha linalofungwa vizuri, na asiuache mkoba wa ngozi ukae na lenzi miezi.

Nyongeza nje ya mada kidogo: kama mirija inateleza yenyewe kamera ikiwa imening'inia shingoni, ni dalili kwamba imelegea. Zumu nyingine zina kitufe cha kuifunga ikiwa fupi, lakini kitufe hakiponyi ulegevu.

#30 Mtazamaji_wa_Ndege
Nimefanya majaribio kwa siku tatu na ninaleta matokeo, ingawa sijui yanamsaidia nani.

Tochi: hakuna kuvu, vumbi tatu au nne. Kichujio: nilipokitoa, tofauti ilionekana mara moja, hasa kwenye matawi ya nyuma, kwa hiyo Bi_Pembenne ana haki ya kutembea kifua mbele. Hata hivyo ukungu haukuisha. Umbali: kitu kilicho mita 10, asubuhi mapema, kinatoka kikali kiasi cha kuniridhisha, kilicho mita 60 saa sita mchana hakitoki hata kwa 1/2000. Nilirudi saa kumi na mbili asubuhi kwenye kitu kile kile cha mita 60, na kilikuwa bora, ila si kama cha mita 10. Pazia la kielektroniki halikubadilisha chochote nilichoweza kukiona. Kwa f/8 pembezoni zimepona kidogo na katikati hapajabadilika.

Mwisho nikapiga ukuta wa matofali, kamera ikiwa juu ya tripodi. Upande wa kushoto bado ni mbaya kuliko wa kulia.

#31 Nusu_Sekunde
Hewa. Saa sita dhidi ya saa kumi na mbili, nini tena?

#32 Bi_Pembenne
Kichujio kimetajwa kwanza katika matokeo. Ninawasilisha.

#33 Kidole_Taratibu
Mita 10 dhidi ya 60 asubuhi ile ile inaweza pia kuwa ni ukubwa wa kitu tu. Manyoya ya ndege wa mita 60 yanachukua pikseli chache kuliko ya ndege wa mita 10, na hakuna lenzi ya milimita 250 itakayoonyesha unyoya mwembamba kuliko pikseli. Huenda unatafuta kitu ambacho hakikuwahi kufika kwenye kihisi.

#34 Mtazamaji_wa_Ndege
Hilo la #33 limenikosesha usingizi, kwa sababu linaeleza karibu kila kitu isipokuwa ule upande wa kushoto.

#35 Fundi_Skrubu
Upande wa kushoto ni wangu. Lakini kabla sijajipigia makofi, ukuta unaweza kuwa haukuwa sambamba na kihisi. Geuza kamera juu chini juu ya tripodi ile ile, piga matofali yale yale, kisha igeuze picha uitazame vizuri. Ukungu ukibaki kwenye matofali yale yale, kosa ni la pembe ya ukuta. Ukihama na kwenda upande wa pili wa matofali, kosa linasafiri pamoja na lenzi.

#36 Mtazamaji_wa_Ndege
Nimefanya, picha kumi kwa kila upande. Ukungu haukubaki kwenye matofali yale yale wala haukuhamia kulia. Umepungua, na umeshuka kuelekea pembe ya chini. Sasa huyo ni nani?

#37 Mbeba_Mizigo
Huyo ni shetani wa f/6.3.

#38 Mwana_Optiki
Mrija uliolegea ungetoa matokeo ya aina hiyo, kwa kuwa uzito wa kioo cha mbele ungeuinamisha upande mwingine wa lenzi baada ya kamera kugeuzwa. Ninamwachia Fundi.

#39 Fundi_Skrubu
Ningependa kukubali, lakini kuna jambo sikumwuliza, na kosa ni langu. Ndani ya lenzi yenye kituliza mtikisiko kuna kundi la vioo linaloelea, linaloshikiliwa na sumaku, na kituliza kikiwa kinafanya kazi, kundi hilo halikai mahali pamoja kati ya picha moja na nyingine. Hata juu ya tripodi linaweza kuhamahama. Mtazamaji, ulipopiga ukuta, kwa picha zote ishirini, kituliza kilikuwa kimezimwa?

#40 Mtazamaji_wa_Ndege
Kilikuwa kimewashwa.